Kununua kasha la seva Goma: angalia vumbi, umeme, na namna diski zinavyotoka



Tangu nilipoandika kwenye grupu letu kwamba memwari zetu, picha za mashamba na ramani ziko pamoja kwenye seva moja hapa nyumbani Katindo, swali linalorudi ni lile lile: ninunue kasha gani? Wengi wananitumia picha za makasha ya chuma yanayoingia mu raki, yanayouzwa Dubai ao Kampala, na kuniuliza kama lile la diski 24 linafaa. Ni kasha zuri sana. Ila lilichorwa kwa ajili ya chumba chenye hewa iliyochujwa, umeme usiokatika, na watu ambao hawajawahi kuambiwa wahame mji asubuhi moja. Sisi hatuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Njo maana mimi naanza hesabu yangu pahali pengine, na idadi ya diski inakuja nyuma.

Kuko atakayeuliza mwanaagronomia anatafuta nini kwenye seva. Picha moja ya Sentinel-2, ile setilaiti ya Ulaya inayoonyesha shamba kwa vipande vya meta 10 kwa 10, inabeba megabaiti mia kadhaa. Ukiishusha mara moja kwa forfe ya simu na kuigawa kwa waifai ya nyumbani, ni sawa. Wakiishusha watu kumi, kila mtu na forfe yake, ni pesa ya mbegu inayoenda hewani. Tena kuko vitu ambavyo hata ukiwa na pesa huwezi kuvishusha popote. Mnyauko wa migomba ulionekana kwa mara ya kwanza katika nchi yetu kule Masisi mwaka 2001. Picha ambazo wenzetu walipiga miaka iliyofuata, shamba kwa shamba, ziko pamoja na sauti za wakulima wakieleza namna walivyong'oa na kufukia. Mengine ya mashamba hayo leo hayafikiki. Diski ikikufa, hakuna wa kurudi kupiga picha upya.

Sasa vipimo, kidogo tu. Raki ya kawaida iko na upana wa inchi 19, ni milimita 482.6 kutoka sikio moja la kasha mpaka lingine, na kati ya nguzo mbili inabaki nafasi ya milimita 450. Kimo kinahesabiwa kwa U, na U moja ni milimita 44.45. Kwa hiyo kasha la 1U liko na unene wa Biblia kubwa, la 2U linakaribia milimita 89, la 4U ni milimita 178. Diski ya inchi 3.5 iko na unene wa milimita 26, na uzito wake unaweza kufika gramu 700. Ukishika namba hizo, unaweza kusoma tangazo lolote bila kudanganywa na picha.

Watu wanapenda 1U na 2U kwa sababu ni nyembamba na zinaonekana za kiofisi. Kwa nyumba, mimi nakataa. Feni, ile tunaita vantilatere, lazima iingie mu kimo cha kasha. Mu 1U inaingia ya milimita 40 tu, na ili isukume hewa ya kutosha mara nyingi inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Sauti yake ni mluzi usioisha, na nyumba nyingi za Goma ukuta wake ni mbao: jirani ataisikia mbele yako. Mu 2U unafika milimita 80. Mu 4U unaweka ya milimita 120, inazunguka polepole, inasukuma hewa ile ile, na mtoto analala.

Ile 4U inapokea pia alimantasio ya kawaida ya ATX, yenye upana wa milimita 150 na kimo cha 86. Ikiungua, na hapa kwetu itaungua siku moja juu ya umeme unaopanda na kushuka, unapata nyingine mu duka la ordinatere mjini ao unaitoa mu mashini ya zamani. Makasha ya 1U na mengi ya 2U yanataka alimantasio ya umbo la pekee, na hiyo unaisubiri itoke ng'ambo.

Kwa umeme wenyewe, fanya hesabu ya batri mbele ya kufanya hesabu ya diski. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 iko na wati-saa 1,200. Ile ya asidi haupaswi kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo unabaki na 600. Mashini inayokula wati 100 hata wakati haifanyi kitu itazimaliza kwa saa sita, na bado sijahesabu kile konvertisere inakula. Kadi mama ndogo, diski nne na feni tatu za polepole zinaweza kukaa karibu wati 40, na batri ile ile inakufikisha saa 15. Mwisho wa Januari 2025, wakati vita viliingia mjini, umeme na intaneti vilikatika. Anayekumbuka zile siku anajua tofauti ya saa sita na saa kumi na tano.

Kuko kitu kingine ambacho tangazo halikuambii. Diski ikianza kuzunguka inavuta wati 20 mpaka 25 kwa sekunde chache, mara tatu ao nne ya kile inavuta ikitulia. Diski 24 zikiamka pamoja ni wati 500 na zaidi, ondulere ndogo inalia na kuzima kila kitu. Na huku kwetu umeme unarudi mara ngapi kwa siku moja?

Vumbi. Hapa sitaenda haraka. Mji wetu umekaa juu ya lava. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena upande wa kaskazini. Barabara za ndani ya kartie ni lava hiyo iliyosagwa na magurudumu ya pikipiki na ya chukudu. Vumbi lake halifanani na lile la udongo mwekundu: ni vipande vidogo vya jiwe na kioo, vinakwaruza. Vinakula beringi za feni, vinajaza mapezi ya chuma yanayopoza prosesa, na vikichanganyika na unyevu vinashika kama saruji.

Ongeza gesi ya mlima. Kuanzia 2002 mpaka 2021 Nyiragongo ilikuwa na ziwa la lava lililotoa moshi wa salfa kila siku. Waliofanya staji vijiji vya chini ya mlima wanajua maharagwe yaliyoungua majani na tole za paa zilizoliwa na kutu juu ya mvua ya asidi. Sasa kasha la seva ni nini? Ni tole yenye rangi. Mimi naangalia unene, milimita 1 ao 1.2, na naangalia kingo: pahali rangi imechubuka njo kutu inaanzia. Likifika limekwaruzwa, paka rangi siku ile ile.

Kwa kuzuia vumbi lisiingie, kanuni ni moja na haina gharama. Feni za mbele ziingize hewa nyingi kuliko ile ambayo za nyuma zinatoa. Ndani kunakuwa na msukumo kidogo, kwa hiyo kwenye kila tundu na kila ufa hewa inatoka, haiingii. Mlango wa hewa unabaki mmoja, mbele, na pale unaweka chujio. Kwa hiyo chagua kasha lenye pahali pa feni mbili ao tatu za milimita 120 mbele ya diski, na mbili ndogo nyuma ambazo unaweza hata kuziacha bila umeme. Chujio la eponji likiwa nyuma ya mlango unaofunguka kwa mkono, utalifua. Likiwa nyuma ya skrubu sita, hutalifua. Najua tabia zetu. Kiangazi, Juni mpaka Agosti, mimi nalifua kila wiki. Mvua ikirudi, kila wiki mbili inatosha.

Wengine wanaogopa urefu wa mji wetu, kwa sababu walisoma kwamba kichwa cha diski kinaelea juu ya hewa. Ni kweli kinaelea. Diski nyingi zinapumua kupitia tundu dogo juu ya mfuniko, msilizibe hata siku moja. Zile zilizojazwa heliamu njo zimefungwa kabisa. Lakini watengenezaji kwa kawaida wanaruhusu kazi mpaka karibu meta 3,000 juu ya bahari, na Goma iko karibu 1,500. Kinachobadilika ni kwamba hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ile ya Mombasa, kwa hiyo feni ile ile inapoza kidogo. Baridi yetu ya usiku inaturudishia ile hasara.

Tufike kwenye diski zenyewe, sababu hapa njo makasha yanatofautiana kweli. Kuko yale ya diski za ndani, kama Rosewill RSV-L4500: 4U, diski 15, unafungua mfuniko wa juu, unachomoa waya moja moja. Hewa inapita vizuri na bei iko chini. Kuko yale ya droo za mbele, kama Supermicro 846, droo 24 mu 4U: unabonyeza, unavuta, diski inatoka hata mashini ikiwaka. Na mwaka 2009 kampuni ya Backblaze ya Marekani ilitoa bure mchoro wa kasha lake jekundu la 4U lenye diski 45 zimesimama wima. Ni kazi ya akili sana, ila kutoa diski moja lazima uvute kasha lote nje ya raki na kulifungua juu.

Mimi nipo upande wa droo, na sababu inatoka 2021. Tarehe 27 Mei, siku tano baada ya mlipuko, ardhi ikiwa bado inatetemeka usiku na mchana, gavana alitangaza kuhamisha kartie kumi za mji. Hata watu wa kartie zisizotajwa hawakusubiri. Walienda Sake, walivuka Gisenyi, wengine walipanda mashua kuelekea Bukavu, na walichobeba ni watoto, magodoro na bido za maji. Kasha la 4U likijaa linapita kilo 20. Hakuna mtu atakayelipandisha kwenye pikipiki pamoja na mama yake. Diski nne hazifiki kilo tatu, zinaingia mu mfuko wa shule chini ya nguo. Kwa hiyo kasha lolote mnaloniletea nalipima kwa swali hili: giza, hakuna turnevisi, kelele mlangoni, diski zinatoka kwa dakika ngapi? Za droo, dakika mbili. Za ndani, robo saa kama una mwangaza na mikono haitetemeki.

Droo peke yake haitoshi, mpangilio wa diski lazima uifuate. Ukizipanga kwa vioo, mbili mbili, kila jozi ikibeba kitu kimoja, unaondoka na diski moja ya kila jozi na uko na kila kitu. Ukizipanga kwa RAID 5 ao RAIDZ, data imetawanywa, na lazima ubebe zote isipokuwa moja ndipo zisomeke. Kwa vioo unapoteza nusu ya nafasi, najua, na anayesoma vitabu vya Ulaya atasema ni ubadhirifu. Yeye ana jengo la pili lenye nakala. Sisi tunaweka alama ya rangi kwenye droo, nyekundu ni ya kubeba, na mtu yeyote wa nyumbani anaweza kuivuta hata kama mwenye seva yuko kazini. Tena droo zinarahisisha diski ya tatu: kila mwezi unachomoa moja ya jozi, inaenda kukaa kwa ndugu Gisenyi ao Bukavu, na ile iliyorudi inaingia na kujinakili yenyewe.

Droo ziko na ubaya wake. Nyuma yake kuko ubao wenye soketi, na ubao ule unaziba hewa. Angalia kwenye picha kama umetobolewa vya kutosha. Matundu yakiwa madogo, diski zitapata joto hata feni ikiwa kubwa. Na kila diski ifungwe kwa skrubu zake zote nne. Baada ya ule mtetemeko wa 2021 sioni kwa nini mtu aweke mbili tu.

Kwa wasioweza bei ya kasha la droo, kuko njia ya katikati ambayo mimi naipenda zaidi. Unanunua kasha rahisi la 4U, fupi, lenye nafasi tatu za inchi 5.25 mbele, zile za zamani za kuwekea CD. Mu nafasi hizo tatu unaingiza kizimba cha droo nne chenye feni yake. Diski nne mbele, za kuvuta, mbili ndani za mambo yasiyo na maana sana, filamu kwa mfano. Kizimba kikiharibika unakibadilisha chenyewe, kasha linabaki.

Sasa jambo ambalo halizungumzwi sana. Kwenye data zetu kuko majina ya wakulima, namba zao za simu, na nukta za GPS za mashamba yao. Mu Kivu ya Kaskazini, ambapo shamba moja linaweza kuwa na wenyewe wawili na bunduki tatu, ile liste mikononi mwa mtu mbaya inaweza kumfanya mtu afukuzwe ao kuuawa. Watu walitupa habari zao kwa sababu tuliwaambia ni za masomo. Ufunguo mdogo ulio kwenye mlango wa kasha hauzuii kitu, mara nyingi unafanana na ule wa kasha la jirani. Kinachozuia ni kufunga diski zenyewe kwa neno la siri, na Linux iko na LUKS kwa kazi hiyo, bila malipo. Bei yake ni usumbufu: umeme ukirudi usiku, seva inakusubiri uandike lile neno ndipo ifunguke. Mimi nakubali ule usumbufu. Na kasha lenye droo, ambazo kila mtu anaweza kuvuta, bila diski kufungwa hivyo, heri usinunue.

Raki yenyewe msiinunue. Kabati dogo la ukutani la vifaa vya intaneti, ambalo wengi wanalifikiria kwanza, mara nyingi liko na kina cha sentimita 45 tu, wakati kasha refu la 4U linafika 65, na nyuma lazima uache kama 10 za waya. Fundi wa mbao anayejua kukata mkaratusi wa chukudu atakutengenezea fremu: nguzo mbili zenye sentimita 45 kati yake, na matundu ambayo kutoka katikati ya lile la kushoto mpaka katikati ya lile la kulia ni milimita 465. Chini ya kasha weka kornieri mbili za chuma zibebe uzito, kwa maana masikio ya mbele kazi yake ni kulishika lisiteleze, si kulibeba. Fremu ikae chini, ifungwe ukutani, lakini iinuke sentimita 20 juu ya sakafu, sababu maji ya mvua ya Goma hayabishi hodi.

Kuhusu seva nzima za zamani, zile ofisi na mashirika yanaziuza wakifunga: Dell R720xd kwa mfano ni 2U na inaweza kubeba diski 12 za inchi 3.5 mbele, chuma kizuri, bei ya kuchekesha. Lakini kadi mama yake, alimantasio yake na feni zake ni za umbo lake peke yake, kelele ni ya ndege ndogo, na umeme nimeshasema. Mwenye jenereta na ofisi achukue. Kwa chumba cha kulala, hapana.

Baki na usafiri. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwisho wa Januari 2025, mizigo inakuja kwa barabara, lakini kipande cha kwanza kutoka Dubai ao China bado ni ndege, na pale unalipia ukubwa wa karatoni. Wengi wanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, halafu wanagawa kwa 5,000. Kasha refu mu karatoni ya 75 kwa 55 kwa 30 linatoa karibu kilo 25, hata kama mizani inaonyesha 15. Kasha fupi mu karatoni ya 55 kwa 55 kwa 28 linatoa 17. Tena kasha linasafiri tupu, na ile nafasi ya ndani umeshailipia. Muombe muuzaji afungie humo kizimba, feni na chujio la akiba, vizungushwe nguo ao eponji visigongane. Diski tu njo usikubali zisafiri ndani ya kasha. Hizo zipewe mtu anayekuja, azibebe mu mfuko wake wa mkononi.